Nilishuka Makindu nikapitia kwa Kalasinga kabla ya kufika kwetu

Mama bado hajanisamehe. Miaka 12 niko Uingereza, natua Nairobi usiku, napanda basi ya Mombasa, nashushwa Makindu saa kumi na moja alfajiri na mabegi mawili na baridi ile ya Ukambani ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, na badala ya kutafuta boda inipeleke nyumbani nikaburuta mabegi hadi kwa Kalasinga. Ndiyo, ile gurudwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga. Mama alikuwa ameamka saa tisa kunipikia.

Wacha nijieleze basi.

Sisi tumekulia pale. Ukame ukikaza, na kwetu ukame hukaza kweli, ukitoka shule unajua kuna mahali moja tu mlango haufungwi na hakuna mtu anakuuliza wewe ni nani. Unavua viatu, unafunga kitambaa kichwani (viko pale mlangoni, vya rangi ya machungwa), unaosha mikono, unakaa chini kwa mstari, unapewa chapati na dengu na chai ya maziwa, usitupe chakula, ukimaliza unarudisha sahani. Siku ukibahatika unapata ile halua ya unga, samli na sukari, unaipokea kwa mikono miwili. Mimi miaka yote hiyo nilidhani ni matajiri wana pesa nyingi hawajui wazifanyie nini. Sikuwahi kuuliza, mtoto mwenye njaa anauliza nini?

Sasa nikaenda ng'ambo kutunza wazee, shifti za usiku, na kuna mwezi mmoja wale walioniajiri wakachelewesha mshahara wiki tatu. Nilikuwa naishi karibu na Smethwick, huko kuna gurudwara kubwa, nikaona watu wanavua viatu mlangoni nikasema moyoni hii naijua. Nikaingia. Jikoni kulikuwa na mzee wa kilemba anakoroga sufuria ya dal kubwa kama pipa, akaniangalia usoni, akaniuliza kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Kijana, wewe Mkamba?" Manze nilikaribia kulia. Kumbe alizaliwa Kenya, akaondoka miaka ya sitini wakati Wahindi wengi walikuwa wanaondoka. Nilipomwambia nimetoka Makindu aliweka mwiko chini. "Makindu yenyewe? Na umekula pale? Na unajua ulikula nini?"

Nikamwambia dengu.

Alicheka mpaka akakaa. Halafu kila Jumapili, mimi nikiosha vyombo na yeye akikata vitunguu, akanifundisha. Kwamba chakula kile kinaitwa langar, na si sadaka ya tajiri kwa maskini, hilo ndilo nilikuwa nimekosea maisha yangu yote. Alianza na Guru Nanak, mwalimu wao wa kwanza, aliyezaliwa 1469 kule Punjab. Wanasimulia baba yake alimpa rupia 20 aende akafanye biashara nzuri, yeye njiani akakutana na watu wa Mungu wana njaa, akazimalizia kwa chakula chao, akarudi nyumbani akisema hiyo ndiyo biashara ya kweli (nikimjua mama yangu, ningechapwa). Na Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti kwamba hakuna kumwona kabla hujakaa chini ukala na wengine, na wanasema hata Akbar, mfalme wa India, alikaa hapo chini na watu wake wa kawaida. Ndio maana unakaa sakafuni. Ndio maana hakuna nyama, ili Mhindu, Mwislamu, Mkristo, kila mtu aweze kula bila wasiwasi. Niliyaelewa haya nikiwa Smethwick nimeshika sponji.

Na Makindu yenyewe sasa. Mnajua reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, kama 2,500 wakafa, na walio wengi wakarudi kwao. Kati ya wale kulikuwa na Masingasinga, mafundi wa chuma, seremala, waashi. Makindu ilikuwa kituo cha kazi, na jioni wakitoka kazini walikusanyika kuimba nyimbo zao, inasimuliwa ilikuwa chini ya mti kwanza halafu kibanda cha mabati, na si wao peke yao, hata Wahindu na Waislamu wa reli walikuja kukaa nao. Hekalu lenyewe likajengwa 1926. Kwa hiyo lilianza na vibarua waliochoka, mbali na kwao, kama mimi tu nikitoka shifti.

Lakini kuna kitu mzee aliniambia kikanifanya niache kuosha sahani. Alisema baba yake alimsimulia kuhusu mtu anayeonekana usiku Makindu, amepanda farasi mweupe, anazunguka hekalu akililinda. Nikamwambia, mzee, hiyo ni hadithi ya susu yangu, nyanya yangu! Susu alikuwa anatuambia hivyo hivyo kwa Kikamba, kwamba mwizi hawezi kuiba kwa Kalasinga kwa sababu kuna mwenye farasi. Mzee akatulia kidogo akasema, "Basi ni kweli, sisi tuliambiwa walioona kwanza ni Waafrika wa pale." Yeye anaamini ni Guru Gobind Singh, yule wa kumi, ambaye kwenye picha yuko juu ya farasi na kipanga mkononi. Susu hakuwahi kusikia jina hilo, alikuwa mtu wa kanisa hadi kifo chake. Mimi sijui farasi alikuwa nini, na sitabishana na mtu. Ninachojua ni kwamba hadithi moja iliishi kwa familia mbili ambazo hazikuwahi kukutana, mpaka hapo kwa sinki.

Kwa hiyo alfajiri ile nikaingia. Kitabu chao, Guru Granth Sahib, usiku hulazwa kama mtu na asubuhi huamshwa, na nyimbo zilikuwa zinaendelea. Nikainama mpaka paji la uso likagusa zulia, kitu ambacho utotoni nilikiruka nikimbilie chapati. Halafu jikoni. Kulikuwa na madereva wawili wa lori na mama wa buibui na watoto wake watatu wanasinzia. Nikaomba kuosha vyombo, wakanishangaa kidogo, wakanipa aproni.

Hapo ndio simu ikalia. "Uko wapi?" Nikasema ukweli. Kimya. Baada ya nusu saa boda ikasimama nje, mama akashuka na sweta juu ya gauni la kulalia, amekasirika kweli kweli, ana hotipoti ya chapati zake mkononi. Akavua viatu bila kuambiwa, akafunga leso, akaketi chini kando ya yule mama wa buibui, akafungua hotipoti akaanza kuwagawia watoto.