Mpenda ndege anayetaka kunguru wafe

Riziki yangu ni ndege. Nawapeleka wageni msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, au hori ya Mida maji yakitoka. Basi majirani hapa Watamu wakisikia naunga mkono kunguru kutiliwa sumu, hushangaa. "We si mtu wa ndege?" Ndiyo, na sababu ni hiyo hiyo.

Nasema kunguru wa India, yule wa shingo ya kijivu, si wetu mwenye kifua cheupe. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji, akasambaa pwani yote. Ndani kabisa ya msitu haingii sana, kwani hakai mbali na watu. Balaa liko pembeni, mashambani na hotelini: anakomba mayai na makinda ya ndege wadogo kama mnana na chozi, na vifaranga vya mama mkwe pia.

Sumu yenyewe inaitwa Starlicide, na kazi yake inataka subira. Kwanza nyama isiyo na sumu, mahali pale pale, asubuhi ile ile, mpaka wazoee. Kunguru akiona mwenzake ameanguka penye chambo, harudi tena. Hapo ndipo dawa hii inapofaa: haiui papo hapo. Inaharibu figo, na ndege huenda kufia anakolala, saa kadhaa baadaye, sumu nyingi ikiwa imeshavunjwavunjwa mwilini. Anayekula mzoga hana hatari kubwa. Mwenye chambo haondoki, kwani lazima amfukuze kunguru wetu akija, kisha aokote kila kipande kilichobaki.

Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza lengo la kupunguza kunguru milioni moja. Heri. Lakini pita jioni nyuma ya mikahawa yetu uone mapipa yasiyo na vifuniko, nenda na ufukweni wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki. Tunaua kwa mkono mmoja, tunalisha kwa mwingine. Nimezungumza na mameneja wa hoteli mpaka wakiniona wanashika simu.

Na tafadhali, usitie sumu ya shamba kwenye nyama kwa siri. Ile inaua mbwa, mwewe na kila atakayegusa mzoga. Starlicide ni ya wenye kibali tu. Ukiona kiota cha vijiti na waya kwenye mwarobaini wako, kiangushe kabla mayai hayajaanguliwa. Watajenga tena. Angusha tena.