Nge, unga wa Kariandusi na pareto

Wiki jana mtoto alivaa kiatu asubuhi akapiga nduru, nge alikuwa ndani!! Shukrani kwa Mungu hakumdunga, lakini tangu hiyo siku mimi silali vizuri. Sisi tuko huku Gilgil, mawe kila mahali, na nge wanapenda mawe na kuni zilizorundikwa.

Nimeanza kutumia dayatomaiti, ule unga mweupe unachimbwa hapa karibu Kariandusi, ni mabaki ya mimea midogo sana ya ziwa la zamani. Unaondoa ile nta ya ngozi ya mdudu anakauka, ila nge ni mgumu, hafi haraka, faida kubwa ni kumaliza mende na siafu anaokula, akikosa chakula anahama. Nanyunyiza kidogo tu kwa nyufa na chini ya mlango, ukilowa haufanyi kazi, na funga pua jamani, hilo vumbi si zuri kwa mapafu. Pareto, ile dawa ya wadudu ya maua, pia inasaidia lakini jua linaiharibu haraka, na usiweke karibu na paka au samaki.

Usiku namulika na tochi ya mwanga wa zambarau (UV), nge anang'aa kijani kabisa. Jana wawili, leo sijaona.