Nani Atakushikia Zamu?

Niko Nairobi kwa wiki tatu, likizo yangu ya kwanza tangu nihamie Uingereza. Juzi jioni nilimkuta dada yangu, kwake Umoja, amejifunika leso mbili na bado anatetemeka. Sauti ilikuwa imekauka. Saa kumi na mbili ikafika, akameza Panadol mbili, akavaa sare yake ya uuguzi.

"Dada, huendi popote."

"Nisipoenda, yule msichana mpya atabaki peke yake na watoto wachanga wote."

Nilimsindikiza hadi steji nikiwa kimya. Kabla ya kuondoka nilikuwa muuguzi hapa hapa mjini, na nilifanya hivyo hivyo mara nyingi. Sheria ya Ajira ya 2007 tunaijua: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, ukiwa na cheti cha daktari, una angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuniambia nije nikiwa mgonjwa. Ukipiga simu unaulizwa tu, "Nani atakushikia zamu?" Basi unaanza kuwatafuta wenzako, nao ndiyo kwanza wametoka kukesha siku tatu. Ukifika simu ya tatu aibu inakushika, unasema wacha tu, nakuja.

Niliamini ng'ambo ningeyaacha hayo. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, na kanuni imebandikwa mlangoni: ukitapika au kuhara, usirudi kazini mpaka saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Ni kanuni nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini baridi ya mwaka wangu wa kwanza tumbo liliponishika, sheria ya wakati huo ilisema malipo ya ugonjwa yaanze siku ya nne. Siku tatu za mwanzo, bure. Kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, na viza yangu ilimtegemea mwajiri huyo huyo. Nikarudi baada ya siku moja.

Usiku wa pili, bibi niliyekuwa nimemlisha uji akaanza kutapika. Kama ni mimi niliyemwambukiza, sitajua kamwe. Alipona, namshukuru Mungu, ila mikono yake iliyokuwa ikinishika kila nikimgeuza kitandani naikumbuka hadi leo.

Dada alirudi saa mbili asubuhi, macho mekundu. Nilimchemshia maji ya tangawizi, nikamuuliza kama usiku ule umeandikwa popote. Akashangaa. Uandikwe nini? Kwenye ratiba majina yalikuwa mawili na wauguzi waliofika walikuwa wawili. Anayeisoma ofisini haoni pengo lolote, na mwezi ujao atapanga wawili tena.

Nikamwomba zamu ijayo aandike kwenye kitabu cha ripoti: nilikuja na homa, hapakuwa na wa kunishikia. Amesema ataandika, na atamwambia yule msichana mpya naye aandike.