Maganda ya planktoni chini ya hadubini: kumbukumbu ya mradi wangu, Nakuru

Lengo la mradi huu ni kutambua, kwa vifaa vya maabara ya shule ya upili, chembe za kalsiti (madini ya kalsiamu kabonati) zilizojengwa na viumbe wadogo wa baharini, na kuelewa ni kwa nini baadhi ya maganda hayo hutunza habari za bahari ya kale kwa uaminifu ilhali mengine huzipotosha. Ninaandika hatua zilizofikiwa ili mwalimu au mwanafunzi mwingine wa huku bara, aliye mbali na bahari kama mimi, aweze kuzifuata.

Machi

Hadubini ninayotumia ni ya kawaida, yenye lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000. Niliiongezea vipande viwili vya plastiki ya polaroidi, yaani kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, kimoja chini ya jukwaa na kingine juu ya lenzi ya jicho, kisha nikakizungusha cha juu mpaka uwanja wote ukawa mweusi. Katika giza hilo kioo na maji havionekani, lakini fuwele ya kalsiti hung'aa, kwa kuwa hubadilisha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaoipitia.

Sampuli ya kwanza ilikuwa udongo mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, ambao kila asafiriye kati ya Nairobi na Nakuru yuko karibu nao. Kwa macho unafanana kabisa na chaki. Hata hivyo, siki haikuutoa povu, na chini ya mwanga wa kawaida ulionyesha vigamba vyenye matundu yaliyopangwa kwa ustadi: hao ni diatomu, mwani wa maji ya ziwa anayejenga ganda la silika. Nilipoweka vichujio, vigamba vyote vilitoweka gizani, kwa sababu silika ya diatomu haina mpangilio wa fuwele.

Sampuli ya pili ni jiwe dogo la chaki asilia kutoka kusini mwa Uingereza, ambalo binamu yangu aliniletea. (Chaki za ubaoni hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa jasi.) Nilikwangua unga kidogo sana, nikautandaza kwa kijiti cha meno ndani ya tone la maji yaliyotoneshwa, nikaukausha na kuufunika. Safari hii giza lilijaa nuru. Miongoni mwa vipande vilivyovunjika kulikuwa na visahani vya mviringo, kila kimoja kikiwa na msalaba mweusi wenye mikono iliyopinda kidogo. Msalaba huo hutokea kwa sababu fuwele za kisahani zimepangwa kuzunguka kitovu chake, na ndio alama ya kokolithi.

Kokolithi moja ina upana wa mikromita chache tu. Huundwa ndani ya seli ya mwani aitwaye kokolithofori, kisha husukumwa nje na kuwa sehemu ya vazi lake. Christian Gottfried Ehrenberg aliziona ndani ya chaki mwaka wa 1836 akadhani ni umbo la madini tu. Thomas Huxley alizipa jina mwaka wa 1858. Na ni mwaka wa 1861 ambapo Henry Sorby na George Wallich walitetea kwamba ni kazi ya kiumbe hai. Ninawaelewa waliosita, kwani chembe zenyewe ni ndogo mno. Ikizama peke yake, chembe ndogo namna hii huchukua muda mrefu mno kufika chini ya bahari. Nyingi hufika haraka kwa sababu wanyama wadogo huwala mwani hao na kuangusha mabaki yakiwa yameshikamana kwenye kinyesi chao.

Mei

Nilijaribu jiwe la chokaa la Koru, upande wa Muhoroni. Lilitoa povu kwa siki na kung'aa gizani, lakini halikuwa na kisahani hata kimoja. Haikupaswa kuwa nacho: chokaa ya Koru ilitokana na volkano za enzi ya Miosini (takribani miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita) zilizotema miamba ya kabonati kutoka chini ya ardhi, nayo bahari haikuhusika. Hata hivyo, miamba hiyohiyo imehifadhi magamba ya konokono wa nchi kavu, jambo ambalo kwangu linastahili mradi wake. Funzo la kitaalamu ni kwamba povu huthibitisha kabonati tu. Asili yake huthibitishwa na umbo.

Julai

Mwezi huu nimeutumia kusoma kuhusu foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga maganda ya kalsiti yenye vyumba. Ganda linalojengwa katika maji ya joto huwa na oksijeni-18 (aina nzito ya oksijeni) kidogo zaidi kuliko linalojengwa katika maji baridi, na Cesare Emiliani alitumia kanuni hiyo mwaka wa 1955 kufuatilia mabadiliko ya joto la bahari katika enzi za barafu. Tatizo ni kile kinachotokea baada ya kiumbe kufa. Ganda likilala kwa mamilioni ya miaka katika mashapo ya kina kirefu, kalsiti yake huyeyuka kidogo kidogo na kujijenga upya katika maji baridi ya chini, hivyo kipimo huonyesha baridi ambayo haikuwapo juu. Kwa miaka mingi vipimo vilionyesha kwamba bahari za tropiki za enzi ya Eosini (takribani miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) zilikuwa baridi kuliko ilivyotarajiwa, ingawa ncha za dunia zilikuwa na joto.

Jibu lilitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Paul Pearson na wenzake walichunguza maganda kutoka Kilwa na Lindi, Tanzania, yaliyofukiwa ndani ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Maganda hayo bado yanapitisha nuru kama kioo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2001 yalionyesha joto la uso wa bahari lisilopungua nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Uchimbaji uliofuata huko ulipata pia mpaka wa Eosini na Oligosini, enzi iliyoifuata, wa takribani miaka milioni 33.9 iliyopita, ambapo jenasi Hantkenina, yenye miiba mirefu, inatoweka. Ninaona fahari kubwa kwamba mashapo ya Kilwa yamesahihisha historia ya joto la dunia nzima, na ningependa kila mwanafunzi wa jiografia afahamu hivyo.

Kinachofuata ni mchanga wa Kilifi. Foraminifera wa sakafu ya bahari waliomo ni wakubwa kiasi cha kuonekana kwa lenzi ya mkono. Nitauosha katika chekecheo la mikromita 63, niukaushe, kisha niyachague maganda kwa brashi yenye unyevu, nikiyatenga yanayopitisha nuru na yale yaliyogeuka meupe kama unga.