Kumkanda mteja mwenye Parkinson: fuata saa ya dawa

Mteja mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaokakamaza na kutetemesha mwili, akiomba miadi, muulize kwanza anameza dawa saa ngapi. Wengi wao wanatumia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayopungua kwa sababu seli zinazoitengeneza zinakufa. Kwa kawaida dawa hushika baada ya nusu saa hadi saa nzima. Ugonjwa ukiwa umekomaa, nguvu yake inaweza kuisha baada ya saa tatu au nne. Kwa hiyo anayemeza saa tatu asubuhi, mpangie saa nne. Ukimweka saa sita kwa sababu ndiyo nafasi uliyobaki nayo, huenda ukampokea mtu aliyekakamaa, asiyeweza kujigeuza kitandani, na wewe ukadhani misuli yake inahitaji nguvu zaidi. Misuli haina kosa. Dawa ndiyo imeisha.

Kama dozi inayofuata inaangukia katikati ya kipindi, simamisha kazi, mwinue mgongo, ameze dawa yake na maji, kisha muendelee. Usimwambie asubiri dakika ishirini umalize mguu wa pili. Kwa baadhi yao kuchelewa kidogo kunaharibu nusu siku.

Jambo la pili ni uso. Parkinson hukakamaza misuli ya uso, mtu akaonekana hana hisia, haumii wala hafurahii. Sisi wakandaji tumezoea kusoma maumivu kwenye paji la uso, na hapa usomaji huo unatudanganya. Sauti nayo huwa ndogo. Zima muziki au uupunguze sana, kubalianeni ishara ya mkono ya kusema "punguza", na utumie kipimo cha sifuri hadi kumi kwa maumivu. Ukiuliza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kurudia swali. Jibu liko njiani, linachelewa tu. Na tafadhali, muulize yeye mwenyewe, usimuulize aliyemsindikiza.

Kulala kifudifudi sikupendekezi kwa walio wengi. Kujigeuza ni kazi ngumu, mate yanaweza kumsumbua, na shingo iliyoinama mbele haikai vizuri kwenye tundu la uso la kitanda cha kukandia. Mlaze nusu ameketi, mgongo umeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, mto mmoja chini ya magoti, mwingine chini ya kila mkono. Kama shingo yake haifiki nyuma, usiisukume; jaza nafasi iliyo chini ya kichwa kwa taulo zilizokunjwa mpaka kichwa kipumzike kabisa. Kwa mgongo, mlaze ubavu au mkalishe kwenye kiti akiegemea mbele juu ya mito. Kitanda kishuke mpaka nyayo zake zikanyage sakafu anapoketi ukingoni. Mazulia madogo yaondolewe.

Sasa miguu. Niseme wazi: hakuna sehemu ya unyayo inayorudisha dopamini, na kubonyeza dole gumba kwa sababu ramani ya refleksolojia, yaani tiba ya kubonyeza nyayo, inaliunganisha na ubongo hakuponyi Parkinson. Wanachopata wateja wengi ni utulivu na nafuu ya kukaza, pengine na usingizi mzuri. Hayo yanatosha kuwa sababu ya kuja. Mkandaji anayeahidi zaidi anaweza kumfanya mtu apunguze dawa, na kuacha levodopa ghafla ni hatari kwa maisha.

Anza kwa kushika tu. Kiganja kimoja juu ya mguu, kingine chini ya unyayo, dakika moja au mbili bila kusogea. Mtetemo wa Parkinson hutokea zaidi kiungo kikiwa kimepumzika, na huongezeka mtu akiwa na wasiwasi. Ukiubana mguu ili utulie, unamchosha na mtetemo unazidi. Uache utetemeke ndani ya mikono yako. Mara nyingi hupungua wenyewe anapozoea.

Vidole vya miguu vikiwa vimejikunja chini, au mguu ukiwa umejipinda kwa ndani, hiyo ni distonia, mkazo wa misuli ambao huja sana dawa inapoisha, hasa alfajiri. Usivinyooshe kwa kuvivuta. Kuvuta kwa haraka huamsha mkazo zaidi, na vidole vitajikunja kuliko mwanzo. Kanda kwanza shavu la mguu, polepole kutoka kisigino kwenda juu, kisha uupandishe mguu kwenye kifundo kidogo kidogo na uushikilie sekunde 20 hadi 30. Ukihisi umekwama kama gurudumu lenye meno, subiri hapohapo, usisukume. Baada ya hapo ndipo dole gumba lako litambae kwenye unyayo, kwa mgandamizo wa wastani usiobadilika. Mguso mwepesi sana humtekenya na kumshtua. Kucha na vifundo vya vidole viache kabisa. Dakika 15 kwa kila mguu zinatosha. Ikiwa miguu haitaki siku hiyo, fanya viganja vya mikono.

Mwilini, sahau mapigo ya haraka na kutikisa. Kazi yako iwe ndefu na ya mdundo mmoja: mabega, pande za mgongo, mapaja, vidole vya mikono. Kufunga choo ni tatizo la kawaida sana katika ugonjwa huu, hivyo dakika tano za tumbo zinafaa kwa asiye na mrija hapo: zungusha kiganja kuanzia chini kulia kwa mteja, panda, vuka, shuka kushoto kwake.

Kabla ya mafuta, uliza kuhusu vifaa. Aliyewekewa kichocheo cha ubongo ana betri chini ya ngozi, mara nyingi chini ya mfupa wa mtulinga, na waya unaopanda shingoni nyuma ya sikio. Usikande njia hiyo, wala usilete vifaa vya sumaku au mashine za joto la mawimbi ya umeme. Kiraka cha dawa kwenye ngozi kisisuguliwe wala kuwekewa taulo la moto, kwa kuwa joto huharakisha dawa kuingia mwilini. Kuhusu manukato, wengi wamepoteza uwezo wa kunusa. Usiongeze matone ukidhani hayafanyi kazi. Matone sita katika mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha.

Kuinuka kunastahili dakika kumi za ratiba. Ugonjwa wenyewe na dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na masaji huongeza hali hiyo. Futa mafuta yote nyayoni kwa taulo kavu, mvalishe viatu, aketi ukingoni dakika tatu akichezesha vifundo, anywe maji. Uliza kama anahisi kizunguzungu. Akiganda mlangoni, miguu kama imegandishwa sakafuni, usimvute mkono, ataanguka mbele. Simameni, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha weka mguu wako mbele yake kwa upande na umwambie auvuke kwa hatua kubwa.