Alasiri ya kusawazisha pete, Trieste 2007

Mwaka 2007, kwenye kituo cha fizikia cha ICTP mjini Trieste, Italia, alasiri nzima iliishia ubaoni kwa swali moja: pete nyeusi ya wanafizikia Roberto Emparan na Harvey Reall, yaani shimo jeusi linalozunguka lenye umbo la pete, inajizuiaje isijimeze? Kwenye vipimo vinne, vitatu vya nafasi na kimoja cha muda, swali hilo halina nafasi, kwani Stephen Hawking alionyesha mwaka 1972 kuwa upeo wa shimo jeusi lililotulia, yaani mpaka ambao kikishavuka kitu hakirudi, ni tufe. Pete yao, iliyochapishwa 2002, inaishi kwenye vipimo vitano, cha muda kikiwemo.

Tuliandika kanuni mbili zinazobeba umbo la pete, F(ξ) = 1 + λξ na G(ξ) = (1 − ξ²)(1 + νξ), ambapo λ na ν ni namba zinazoamua umbo hilo, 0 < ν ≤ λ < 1. ν ikiwa ndogo, pete ni nyembamba. Kazi ngumu ilikuwa kwenye mhimili wa pembe φ, ambao una sehemu mbili zinazotambulishwa na kiratibu x. Nje ya pete, x = −1, ili nafasi ibaki laini, φ inadai duru nzima ya 2π√(1−λ)/(1−ν). Kwenye eneo linalozungukwa na pete, x = +1, inadai 2π√(1+λ)/(1+ν). Viwango vikitofautiana, upande mmoja hubaki na ncha ya koni, kama duara la karatasi lililokatwa kipande kisha kingo zikaunganishwa. Ncha hiyo isipuuzwe: ndiyo kani ya ziada inayoishikilia pete pale kasi yake ya kuzunguka inapopungua au kuzidi. Tukasawazisha viwango viwili, tukapata λ = 2ν/(1+ν²).

Hapo ndipo utamu ulipoanza. Masi ikishikiliwa, mraba wa mzunguko wa pete (kiasi inavyozunguka), uliopimwa bila vizio, ni j² = (1+ν)³/(8ν), na kiwango chake cha chini kabisa ni 27/32, pale ν = 1/2. Tufe la Myers na Perry la 1986, yaani shimo jeusi la vipimo vitano lenye umbo la tufe, likizunguka kwenye bapa moja, halifiki j² = 1. Kwa hiyo kati ya 27/32 na 1 kuna miili mitatu yenye masi ileile na mzunguko uleule: tufe, pete nene, pete nyembamba. ν ikishuka chini ya √5 − 2, karibu 0.236, inabaki pete nyembamba peke yake. Kwangu mimi huo ndio uzito wa ugunduzi wao: masi na mzunguko havitoshi tena kulitambulisha shimo jeusi.

Uthabiti tuliugusa juu juu tu. Gregory na Laflamme walishaonyesha mwaka 1993 kuwa uzi mweusi mrefu, yaani shimo jeusi lililonyooshwa kama uzi, huanza kujivimbisha kwa mafundo, na pete nyembamba sana ni uzi uliopindwa. Mwaka 2016 Figueras, Kunesch na Tunyasuvunakool waliifuatilia kwa kompyuta: mafundo yanakua, na shingo kati yake zinazidi kukonda.