Mifupa kwenye kamba ya kuanikia nguo

Ninachopenda mimi si kitu cha kumwambia mtu kirahisi. Napenda picha za sinema za zamani za Kimarekani, za miaka ya 1930 mpaka 1960 na kitu, lakini si zile za magwiji. Napenda zile zilizotengenezwa kwa hela za kuokoteza: daktari aliyehifadhi kichwa cha mchumba wake kwenye sinia na kichwa bado kinaongea, au mvamizi kutoka mwezini ambaye ni bwana mmoja ndani ya manyoya ya sokwe na kofia ya mzamiaji. Hiyo ya sokwe ni Robot Monster ya 1953, na simtanii mtu.

Aliyeniambukiza ni Ed Wood, mtengenezaji wa picha. Rafiki yake Bela Lugosi, yule Dracula wa 1931, alifariki Agosti 1956 akiwa ameshapigwa filamu, vipande vichache tu visivyo na sauti. Mwingine angeizika na picha yenyewe. Wood akavichomeka vipande vile kwenye Plan 9 from Outer Space, na vilipokwisha akamchukua tabibu wa mgongo aliyekuwa akimtibu mkewe, akamvika joho na kumwambia ajifunike uso. Tabibu ni mrefu kuliko marehemu na hawafanani hata kwa mbali. Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti la Beverly Hills, na baadhi ya waigizaji walikubali kubatizwa ili kazi iendelee. Kila nikiitazama nacheka, kisha namheshimu. Hakuwa na kitu, na picha akaimaliza.

Sasa kucheka peke yako chumbani usiku wa manane kunachosha. Nilitaka watu. Hapa Tanga uani kwetu kuna ukuta uliopigwa chokaa, na projekta nilikuwa na pa kuazima. Nikawaita majirani, bila kiingilio, kahawa na kashata juu yangu. Walikuja, wakakaa kidogo, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Sikuwalaumu. Picha haina rangi, Kiingereza ni cha puani na cha haraka, na kwa kuwa mandhari ni ghali, watu wanasimama kwenye chumba kimoja wanaongea mpaka basi. Kijana mmoja wa jirani alinihurumia waziwazi: "Anko, si uweke hata ya Kichina?"

Kilichonifungua macho ni kusoma namna picha hizi zilivyokuwa zikiuzwa kwao.

Kuanzia 1934 studio kubwa za Hollywood zilibanwa na kanuni ya maadili: dawa za kulevya, magonjwa ya zinaa, uzazi, vyote visionyeshwe. Kilichokatazwa kikapata wachuuzi. Wakatengeneza picha zao nje ya mfumo, wakajifanya wanatoa elimu, wakazunguka nazo mji kwa mji. Kroger Babb ndiye aliyewazidi wote. Mwaka 1945 alitoa Mom and Dad, kisa cha binti anayepata mimba kwa sababu wazazi wake hawakumwambia lolote. Kisa kimepooza kabisa, lakini Babb hakuwa akiuza kisa. Wanawake waliingia zamu yao, wanaume yao. Ukumbini walisimama wanawake wenye sare za uuguzi kuwapokea watakaozimia. Katikati picha ilisimamishwa, akapanda jukwaani mtaalamu aitwaye Elliot Forbes, akahutubia kuhusu mwili na usafi, kisha vikauzwa vijitabu, na kwenye vijitabu ndiko kulikokuwa na ulaji. Huyo Elliot Forbes hakuwahi kuwepo. Lilikuwa jina la kazi, na usiku mmoja huohuo akina Forbes kadhaa walikuwa wakihutubia miji tofauti. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza picha hiyo kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Babb angekuwa hai, hilo nalo angelikatia tiketi.

Halafu kuna William Castle, ambaye nampenda zaidi kwa sababu hakujifanya mwalimu. Kwa Macabre, 1958, kila mtazamaji alikatiwa bima ya dola 1,000 kupitia Lloyd's ya London, endapo angekufa kwa woga ndani ya ukumbi. Mwaka uliofuata, kwenye The Tingler, alifunga mota chini ya viti ili watu watetemeshwe makalio pale mdudu anapotoroka.

Hapo nikaelewa kwa nini ukuta wangu ulipooza. Picha hizi hazikuwahi kuachwa zijitegemee. Siku zote kulikuwa na mtu ndani ya ukumbi anayezimalizia: mhutubu, muuguzi wa kubuni, kijana wa kuvuta uzi. Na sisi mtu wa namna hiyo tunaye siku nyingi. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu, mtafsiri wa picha aliyewasemesha Kiswahili watu wa kila taifa, akaongeza maneno ambayo mwandishi wa picha hakuyaota. Nikatafuta maiki na spika.

Upande wa haki nilitaka niwe na amani, kwa hiyo nilichagua zile ambazo huko Marekani zimeshakuwa mali ya umma. Zipo nyingi, tena kwa sababu ya ufukara uleule. Sheria yao ya wakati ule ilitaka alama ya hakimiliki ionekane kwenye picha, na baada ya miaka 28 mwenye mali aombe upya. Kampuni nyingine zilishakufa kabla ya hapo, nyingine hazikujali. Tovuti ya Internet Archive imezihifadhi bure, na mtu unapakua.

Nilianza na House on Haunted Hill ya Castle, 1959, saa moja na robo tu. Vincent Price ni tajiri anayewaalika wageni watano kwenye jumba lenye mizimu: atakayelala mpaka asubuhi anachukua dola 10,000. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikiandika kwenye daftari si wanachosema, bali ni wapi pa kusema. Tafsiri ya neno kwa neno inaua, maana unamaliza sentensi wakati mwenzako kwenye picha ameshaondoka chumbani. Kwa hiyo mazungumzo marefu niliyafupisha, nikaongeza ninachokijua. Dola 10,000 za wakati ule, niliwaambia, zinakaribia bei ya nyumba. Hapo wakaacha kuuliza kwa nini wageni hawakimbii.

Castle alipoionyesha hiyo picha, kiunzi cha mifupa cha plastiki kilitoka kando ya pazia na kuvutwa kwa waya juu ya vichwa vya watu, wakati uleule mifupa inapoibuka kwenye pipa la tindikali. Nami nikatengeneza wangu. Boksi la televisheni, rangi nyeupe iliyobaki ya dirisha, viungo nikavifunga kwa uzi ili vicheze. Kamba ya kuanikia nguo ipo tayari, kutoka kwenye mwembe mpaka ukuta wa bafu. Nikafunga kipande cha bomba la maji juu ya fuvu kiteleze kwenye kamba, na mshipi wa kuvulia samaki nikampa mpwa wangu aliyejificha nyuma ya pipa. Nilimwambia asivute mpaka nitamke "huyooo".

Kwenye ukuta mke wa tajiri anarudi nyuma, mifupa inamfuata. Nikatamka. Kitu kikashuka kutoka mwembeni kikiyumba, mwanga wa projekta ukakipiga ubavuni, na kivuli chake kikatua kwenye ukuta juu ya mifupa ya Castle, kikubwa mara tatu. Kina mama wa mkeka wa mbele walisimama wote. Inasemwa watoto wa Kimarekani walikuwa wakikirushia kile cha Castle maboksi ya bisi. Changu kilipigwa kwa kandambili, na mkono mmoja ukang'oka. Kisha Price akatokea kwenye picha ameshika mitambo ya kamba aliyokuwa akiivutia mifupa ile, na uani wakaangua kicheko, maana mpwa wangu naye alikuwa ameshatoka nyuma ya pipa na mshipi wake mkononi.

Baada ya hapo kuita watu hakukuwa kazi. Kazi ikawa kuchagua.

Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, niliiweka usiku wa wakubwa peke yao. Ilipotoka kwao madaraja ya umri hayakuwa yameanza, yalikuja mwezi uliofuata, na watoto waliingia maonyesho ya mchana wakatoka wanalia. Hii ni picha iliyopotea mikononi mwa wenyewe kwa ajali: alama ya hakimiliki ilikuwa kwenye kadi yenye jina la awali la picha, jina likabadilishwa, kadi mpya ikatoka bila alama. Damu ni sharubati ya chokoleti. Nyama wanayotafuna mazombi ni paja la nguruwe lililochomwa, na hilo sikulitaja kwenye maiki.

Steringi ni Duane Jones, mtu mweusi, na hakuna kwenye picha anayelizungumzia hilo. Uani kwetu walilizungumza. Anawapa amri wazungu, anampiga ngumi bwana mwoga, watu wakawa wanamshangilia kama yuko uwanja wa Mkwakwani. Mimi nikijua kinachokuja, nikanyamaza. Anavuka usiku mzima salama, asubuhi kikosi cha waokoaji kinamwona dirishani kinadhani ni zombi, risasi moja ya kichwa. Spika ikabaki inakwaruza. Mzee mmoja wa enzi za sinema ya Majestic alikataa kuondoka: steringi hafi, nimeficha kipande cha mwisho. Ilibidi nirudishe nyuma aone mwenyewe wakimburuza kwa ndoano za nyama. Mjadala wa kwa nini hawakumwita kwanza uliendelea mpaka mwadhini akaadhini.

Carnival of Souls ilinitaka ujuzi wa aina nyingine, wa kufunga mdomo. Herk Harvey alikuwa mtengenezaji wa filamu za viwandani na mashuleni huko Lawrence, Kansas. Alichukua likizo, akapiga picha hii ya 1962 kwa takriban dola 33,000, akitumia jumba la starehe lililotelekezwa la Saltair, kando ya Ziwa la Chumvi, Utah. Binti mpiga kinanda anatoka mtoni baada ya gari kutumbukia kutoka darajani, na kuanzia hapo kuna nyakati sauti zote za dunia zinakatika, hakuna anayemwona wala kumsikia. Ukisema chochote hapo umeharibu. Nilizima maiki, nikaacha kinanda cha kanisa kiendelee. Kwenye ukimya ule bibi wa nyumba ya tatu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya: "Huyu mtoto alishakufa kulekule mtoni." Picha ilikuwa bado haijafika nusu.

Nyingine hazikushika. Reefer Madness ya 1936, ya kutishia watu bangi, wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliigeuza kichekesho miaka ya 1970, lakini kwetu ilionekana ni hotuba tu. Manos: The Hands of Fate ya 1966 sikuthubutu kuionyesha, niliwasimulia tu: muuza mbolea wa El Paso, kwa kubishana na mwandishi mmoja wa Hollywood, alitengeneza picha kwa kamera isiyoweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo. Wakaniambia nimetunga.

Inayofuata ni The Little Shop of Horrors ya Roger Corman, 1960, iliyopigwa sehemu kubwa kwa siku mbili kwenye mandhari iliyoachwa na picha nyingine. Mmea unakula watu na unadai chakula kwa kelele. Sauti ya mmea nimempa mama mdogo, ambaye mazoezini amekataa daftari langu na anamtukana muuza maua kwa Kidigo.